Dhana potofu za mazoezi ya mpira wa wavu tunazorithishana Moshi

Jioni kwenye kiwanja chetu cha udongo huku Pasua zinafanana. Anayefika wa kwanza anafunga wavu, wa pili anakwenda kutafuta pampu, na kuanzia wa tatu kila mtu anapanga foleni kupiga smashi, ule mpira wa kuruka na kuushusha kwa nguvu. Nusu saa nzima. Akitokea mtu akasema tuanze na kupokea sevu, yaani mpira wa kuanzishia pointi, anatazamwa kama aliyekuja kudai deni.

Nimesimama kwenye foleni hiyo miaka mingi. Siku hizi nawafundisha vijana wa sekondari wanaoota kufika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na sehemu kubwa ya ninayowaambia ni kinyume cha niliyoambiwa mimi. Dhana zenyewe hazina uzito sawa. Nyingine ni za kuchekesha, nyingine zinaharibu magoti ya watu.

"Wavu unarefusha"

Wazazi wanaipenda sana hii. Mama mmoja aliniletea binti yake wa kidato cha kwanza akasema, "Mwalimu, nakuachia huyu, mvute kidogo." Urefu mtoto anaurithi, na chakula cha utotoni kinausaidia au kinaupunguza. Kuruka mbele ya wavu hakuongezi hata sentimita. Timu kubwa zimejaa warefu kwa sababu warefu ndio wanaochaguliwa, basi. Tena si wote. Yoshie Takeshita, seta (anayewapangia wapigaji mipira) wa Japani, ana sentimita 159, na mwaka 2006 alitangazwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya wanawake. Mwaka 2012 alirudi kutoka Olimpiki ya London na medali ya shaba. Na tangu 1998 kuna libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira nyuma na haruhusiwi hata kupanda bloku, yaani kuruka wavuni kuzuia smashi. Binti wa yule mama bado ni mfupi. Sevu ngumu tunamwachia yeye azipokee.

"Ruka kila siku, utapaa"

Hapa nina donge langu. Nikiwa na miaka 16, aliyekuwa akitufundisha alitutaka turuke benchi la darasani mara 200 kila jioni, juu ya sakafu ya saruji, Jumatatu mpaka Jumamosi. Tukilalamika tuliambiwa goti litazoea. Langu halikuzoea. Mpaka leo nikishuka ngazi nashika ukuta.

Kuruka ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Kano inayoshika pia ya goti na mfupa wa muundi inabeba mzigo kila unapopaa na kila unapotua, na inaimarika ukiwa umepumzika. Ukiichapa kila siku bila kuipa nafasi ya kupona, inachakaa, na maumivu yake yanakaa miezi. Kwa anayeanza, miruko 80 hadi 100 kwa kipindi kimoja, mara mbili kwa wiki, vipindi vikiachana saa 48 au zaidi, inatosha kabisa. Na ile foleni ya smashi nayo ni miruko, ihesabiwe. Kijana anayerefuka kwa kasi akisema anaumwa kile kinundu cha chini ya goti, mpunguzie kuruka, usimwite mvivu.

Kabla ya kuruka, fundisha kutua. Sisi tunatumia kreti la soda lililogeuzwa. Unapanda, unashuka kwa miguu miwili kwa pamoja, magoti yanakunjwa na kuelekea kule viliko vidole vya miguu, yasigongane kwa ndani. Mtihani wake ni wa masikio. Nikisikia "pu!", unarudia. Paka akishuka ukutani humsikii.

Halafu kuna kifundo cha mguu, kinachoteguka kuliko kiungo kingine chochote kwenye mchezo huu, na mara nyingi pale pale chini ya wavu: mpigaji anatua juu ya mguu wa mtu wa bloku. Kanuni inaruhusu mguu wako uingie upande wa pili ilimradi sehemu yake ibaki kwenye mstari wa kati au juu yake, kwa hiyo miguu inakutana. Mpigaji afundishwe kupaa juu badala ya kuruka mbele. Na akiwa anasubiri zamu, asimame kwa mguu mmoja, nusu dakika kila mguu, akizoea afumbe macho. Foleni itakuwa imepata faida walau moja.

"Mikono ikiwaka moto, ndiyo umepokea"

Vijana wanaonyeshana mikono myekundu kama medali. Nilidhani ni ushamba wao mpaka siku moja nikauchukua mpira wenyewe na kuubonyeza kwa dole gumba. Jiwe. Kumbe tulikuwa tunaupeleka kwa fundi baiskeli, naye anaujaza kama anavyojaza wa miguu, mpaka uite.

Mpira wa wavu unatakiwa kuwa na kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Wa miguu unaanzia karibu 0.6 na unaweza kufika 1.1. Maana yake, hata ukijazwa kwa kiwango cha chini kabisa cha mpira wa miguu, umeshapewa mara mbili ya unachohitaji. Mpira wa namna hiyo unauma, unaruka ovyo mkononi, na mtoto wa darasa la sita akiupokea mara tatu hataki tena. Wangapi tumewapoteza hivyo, na tukasema ni waoga? Sasa pampu tunayo wenyewe, na nikiubonyeza dole lazima lizame kidogo.

Presha ikishakuwa sawa, yanabaki makosa mawili. La kwanza ni kupokelea kwenye vidole gumba au ngumi, wakati pa kupokelea ni ile bapa ya mikono juu kidogo ya kifundo cha mkono, viwiko vikiwa vimenyooka. La pili ni kuurushia mpira mikono kama anayepiga ngumi kwa chini. Sevu inakuja na nguvu yake tayari. Wewe unaipa ubao na kuuelekeza kwa seta, na ubao hauchezi. Anayecheza ni miguu, ifike kabla ya mpira.

Miguu nayo inasubiri macho. Mchezaji anayeitwa mwepesi mara nyingi ni yule aliyeona mapema, aliyetazama bega na mkono wa anayeseva badala ya kusubiri mpira uvuke. Zoezi letu ni rahisi. Mpokeaji anageukia ukuta, mwenzake nyuma yake anaita "haya!" huku anautupa, na mpokeaji anageuka na kuutafuta. Dakika kumi za hilo nazipenda kuliko saa ya foleni.

Na zoezi hilo halihitaji wavu. Wala timu. Ukuta wa tofali na mpira mmoja vinatosha kupanga kwa vidole mara 100 kwa siku, ingawa majirani watakuja juu.

"Kimbia kilomita kumi kila asubuhi"

Tunaishi na wakimbiaji. Kilimanjaro Marathon inafanyika hapa hapa mjini kila mwaka, na tangu Alphonce Simbu awe bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025 kila kocha anawapeleka vijana barabarani alfajiri. Mbio ndefu si sumu, lakini pointi nyingi za wavu zinaisha ndani ya sekunde kumi, kisha mnapumua, kisha tena. Mwili unazoea kile unachoufanyisha. Kimbia mita 9, ambazo ni upana wa kiwanja, kwa kasi yako yote, rudi ukitembea, rudia. Teleza kwa ubavu kwenye wavu kama mtu wa bloku. Kilomita kumi waachie wanaozihitaji.

"Nguvu ya smashi iko mkononi"

Iko kwenye hatua. Mtu wa kulia anakuja kushoto, kulia, kushoto, hatua mbili za mwisho zikiwa za haraka kama moja, na mikono yote miwili inatoka nyuma kwenda juu. Kuitupa mikono peke yake kunaongeza takriban asilimia kumi ya urefu wa kuruka, bure kabisa. Kisha nyonga, kiwiliwili, bega, na kiganja mwisho wa yote. Wenye misuli mikubwa ya mikono ndio wanaonipigia nyavu.

Kunyanyua vyuma hakudumazi kijana, kama wengi wanavyoogopa, ukiwa na msimamizi na ukianza na vyepesi. Kunyoosha misuli kwa kuishikilia dakika nzima kabla ya mechi kunapunguza nguvu ya kuruka kwa muda, kwa hiyo asubuhi za Julai zenye baridi pasha mwili kwa kutembea na kuruka kidogo, ile ya kushikilia iweke mwishoni. Msichana aliye kwenye hedhi anacheza kama anajisikia vizuri, aulizwe yeye.

"Sevu ikitoka nje, mkono mbovu"

Machalii wa Arusha wanawacheka sana wageni kutoka Tanga na Dar kwa hili. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Sevu ya kuruka yenye mzunguko inazamishwa na hewa, na hewa ikipungua inazama kidogo tu, ikaenda mbele kuliko kwenu. Mgeni anahitaji sevu 20 za kuzoea kabla ya mechi. Sisi tukishuka pwani tunapata kinyume chake, mpira unaishia wavuni, na hapo anayecheka ni mwingine.

Msimu uliopita kijana wangu mmoja alinijia anang'aa: ameanza kugusa juu ya wavu kwa kiganja kizima. Tukachukua tepu ya fundi seremala. Wavu wa wanaume ni mita 2.43, ukipimwa katikati ya kiwanja, na pembeni hauruhusiwi kuzidi hapo kwa zaidi ya sentimita 2. Wetu pembeni ulikuwa sawasawa. Katikati, kamba ya katani imelegea, 2.31.

Tukaikaza. Siku hizi anapima kwa chaki ukutani.