Tejas ni ya India, lakini idhini ya kuiuza haiko Delhi peke yake

Wengi huamini kwamba nchi ikishaunda ndege yake ya kivita, inaweza kumuuzia yeyote. Sivyo. Ndege ya kivita ya Tejas huunganishwa na kampuni ya HAL ya India, lakini injini yake, F404, ni ya Marekani, na kiti kinachomfyatua rubani nje wakati wa hatari ni cha Martin-Baker ya Uingereza. Kila mwenye kifaa chake ndani ana kauli. Argentina ilipoonyesha nia ya kuinunua, kiti hicho kikawa kikwazo kikubwa: kutokana na mgogoro wa visiwa vya Falkland, ambavyo nchi hizo mbili zilivipigania mwaka 1982, Uingereza imekuwa ikizuia vifaa vyake visilifikie jeshi la Argentina. Mwaka 2020 mpango wa Argentina kununua FA-50, ndege ya kivita ya Korea Kusini, ulikwama vivyo hivyo. Vifaa vinaweza kubadilishwa, ila majaribio yanaanza upya, na mnunuzi hasubiri. Mwaka 2024 Argentina ilinunua ndege za kivita za F-16 zilizotumika kutoka Denmark.