Tarehe ya Kliniki ya Macho Wakati wa Janga: Jicho Lipi Linangoja, Lipi Halingoji

Mjomba wangu anakaa Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja ukitoka Mombasa. Tarehe 8 Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kwa sababu ya korona, daraja lile tulilozoea kulivuka bila kulifikiria likageuka mpaka. Kadi yake ya kliniki ya macho ilikuwa na tarehe ya mwezi huohuo, na kliniki yenyewe iko kisiwani. Ana presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glaukoma. Akaitazama kadi, akatazama taarifa ya habari, akairudisha kadi kwenye droo.

Kuogopa hakukuwa kosa. Ni mtu wa miaka sabini na kitu, tena ana kisukari, na watu wa namna yake ndio korona ilikuwa ikiwaelemea zaidi. Alikosea mahali pengine, nitafika hapo. Maneno aliyoambiwa na majirani mwaka ule bado nayasikia kila ugonjwa mpya unapotajwa redioni. Mengine ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yaliyomponza.

"Tumeambiwa tukae nyumbani, kwa hiyo kliniki zote zimefungwa"

Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hospitali hazikufunga milango. Kilichopunguzwa ni zile ziara za kawaida ambazo mgonjwa angeweza kuzikosa bila kupoteza kitu.

Hata madaktari wenyewe hawakusema "njooni wote" wala "kaeni wote". Marekani, chama kikuu cha madaktari wa macho kiliwaambia wanachama wake tarehe 18 Machi 2020 wasimamishe kila kazi isipokuwa ya haraka na ya dharura. Uingereza, chuo chao cha madaktari wa macho kilielekeza upasuaji wa mtoto wa jicho uahirishwe, lakini sindano za wazee ambao retina zao, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, zinavuja ziendelee, kila baada ya wiki nane hivi. Tazama hapo. Idara moja, korona ileile, mgonjwa mmoja anaambiwa rudi nyumbani na mwenzake anaambiwa usithubutu kukosa. Tofauti iko kwenye ugonjwa walio nao.

"Macho yanaweza kusubiri, hakuna aliyekufa kwa macho"

Hili ndilo lililoenea kuliko yote, na ndilo ningependa tulikalie kidogo.

Yako macho yanayosubiri. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho anaona ukungu, anachukia kuendesha gari usiku, anamkosea mtu jina barabarani. Kero tupu. Lakini akifanyiwa upasuaji baada ya miezi sita badala ya mmoja, kwa kawaida atapata kuona kulekule, kwa sababu kilichoharibika ni lenzi, na lenzi inabadilishwa. Vivyo hivyo miwani ya kusomea iliyopitwa na wakati, au macho yanayowasha kila msimu wa vumbi. Hapo kuahirisha wakati wa janga ni busara.

Presha ya macho ni habari nyingine. Inaua neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na neva iliyokufa haifufuki, haipandikizwi, haina kipuri. Ubaya wake ni ukimya: haiumi, jicho haliwi jekundu, na kuona kunaliwa polepole, mara nyingi kuanzia pembeni, wakati katikati bado ni safi. Mgonjwa anasoma gazeti vizuri na anaamini yuko salama. Tena sisi watu wa asili ya Kiafrika tunapatwa zaidi na aina yake ya kawaida, na hutuanza mapema. Kukosa ziara moja huenda kusikudhuru kama presha yako imetulia kwa miaka. Kama ilikuwa bado inapanda, au daktari alikuwa amekubadilishia dawa juzijuzi, miezi minne ni mingi mno.

Kisukari nacho hutoboa na kuziba mishipa midogo ya retina bila kupiga hodi. Mwenye retina iliyokuwa safi mwaka jana anaweza kusogeza kipimo chake cha mwaka mbele kidogo. Aliyekwisha kuambiwa kwamba mishipa inavuja damu, au aliyekuwa katikati ya matibabu ya leza au sindano, yuko foleni tofauti. Na wale wazee wa sindano niliowataja, ambao mishipa mibovu inaota chini ya kitovu cha retina na kumwaga maji, kwao hesabu ni ya wiki.

Halafu watoto. Mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho hafanani kabisa na babu yake mwenye mtoto wa jicho. Ubongo wa mtoto unajifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya uhai. Jicho lililofunikwa wakati huo halifundishiki tena baadaye, hata lenzi ikibadilishwa kwa ustadi wa namna gani. Na ukipiga picha ya mtoto kwa mwanga wa simu, mboni moja ikang'aa nyeupe kama jicho la paka, hiyo yaweza kuwa saratani ya retina. Hupata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na isipotibiwa inaua. Kituo cha Ruharo kule Mbarara, Uganda, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatibu watoto wa namna hii. Basi yule anayesema hakuna aliyekufa kwa macho hajakaa na wazazi wao.

"Tarehe ikiahirishwa, na dawa inasimama"

Hapa ndipo mjomba alipoangukia. Hakuna aliyemwambia aache matone. Yeye aliunganisha mambo mwenyewe: dawa nimepewa kliniki, kliniki hakuna, basi dawa nayo mpaka turudi. Chupa ilipoisha hakununua nyingine. Nilipomuuliza baadaye akanijibu kwa upole, "Sasa mwanangu, ningejuaje kama bado ni ileile?"

Ukweli ni kwamba ziara ni ya kupima, na matone ndiyo matibabu. Ziara ikisogezwa, matone yanakuwa na kazi kubwa zaidi, maana hakuna jicho jingine linalokuangalia. Tone moja kila jioni, au mara mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa, linaendelea. Piga hesabu ya chupa kabla hazijaisha: nyingi ya dawa hizi hazifai kutumika zaidi ya wiki nne hivi baada ya kufunguliwa, hata kama ndani bado mnasikika maji. Omba karatasi ya dawa ya miezi miwili au mitatu. Hilo linawezekana kwa simu, au kwa kumtuma kijana na kadi yako.

Na usiazime matone ya jirani eti naye ana presha ya macho. Timolol, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu, inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Dawa ileile inayomfaa jirani inaweza kukulaza wewe hospitali, tena wodi ya kifua, mahali ambapo 2020 hakuna aliyetaka kulazwa.

"Hospitali ndiko korona iliko"

Huu ndio ukweli nusu. Chumba cha macho ni mahali pa karibu mno. Daktari anakaa mbele yako, mmetenganishwa na mashine tu, pua kwa pua. Li Wenliang, yule daktari wa Wuhan aliyewaonya wenzake mwishoni mwa Desemba 2019, alikuwa daktari wa macho. Alifariki tarehe 7 Februari 2020, na inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuwa na dalili yoyote.

Kwa hiyo hofu ina msingi. Lakini kutokana na mambo kama hayo kliniki nyingi zilibadilika: kioo cha plastiki kikawekwa kwenye mashine kati ya pumzi mbili, mazungumzo yakapunguzwa wakati wa kupimwa, viti vikaachanishwa, msindikizaji akabaki nje. Nilicheka siku nilipoona mgonjwa wa sindano ya jicho amebandikwa plasta juu ya barakoa yake, puani. Nikadhani ni ubabaishaji. Kumbe barakoa iliyolegea juu inarusha pumzi kuelekea jichoni, na vijidudu vya mdomoni ni vibaya sana ndani ya jicho lililochomwa sindano. Ile plasta ilikuwa na akili kuliko mimi.

Nadhani hatari kubwa kwa wengi wetu ilikuwa njiani. Mwaka ule matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Lakini sote tunajua jioni makanga walikuwa wakihesabu vipi. Ukiamua kwenda, omba nafasi ya kwanza asubuhi, kabla chumba cha kungojea hakijajaa. Kaa dirishani. Uliza kama unaweza kungojea nje chini ya mwembe, upigiwe simu zamu yako ikifika. Kama una homa au kikohozi, sema kabla ya kutoka nyumbani, wasije wakakugundua mlangoni.

"Simu haiwezi kuona jicho"

Haiwezi. Lakini muuguzi aliye upande wa pili ana faili lako, na faili linajua mengi kuhusu jicho lako kuliko jirani. Usimuulize "nije au nisije?" tu. Muulize: ugonjwa wangu ukikaa miezi miwili bila kutazamwa, ninaweza kupoteza kitu kisichorudi? Kipimo changu cha mwisho kilikuwa kizuri au kilikuwa kinashuka? Niongezewe dawa ya muda gani? Ni dalili gani nikiiona nije bila kungoja tarehe? Andika majibu nyuma ya kadi. Tarehe ikisogezwa, taka tarehe mpya hapohapo. "Tutakupigia" si tarehe.

Nyumbani nako unaweza kujipima kidogo. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama fremu ya mlango au vigae vya ukutani, kisha badilisha jicho. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, au katikati pana doa lisiloondoka, piga simu siku hiyohiyo. Watu wengi hutembea na jicho moja bovu kwa wiki kadhaa bila kujua, kwa sababu jicho zima linalificha lenzake.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji ushauri wa mtu, ni kuondoka tu, kafyu au hakuna kafyu: kuona kumepotea ghafla; vimulimuli na vidoa vyeusi vingi vimezuka, au kama pazia linashuka upande mmoja; jicho limekuwa jekundu, linauma, kichwa kinapasuka, unatapika na taa zina duara za rangi; au jicho limechomwa, limepigwa au limeingiwa na kemikali. Kemikali ikiingia, osha kwanza kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, ndipo utafute gari.

"Nitajitibu kwanza nyumbani, hali ikitulia nitakwenda"

Maziwa ya mama, asali, maji ya majani, na mwaka 2020 hasa kujifukiza. Mvuke wa nyungu hauteremshi presha ya macho, na nyungu inayochemka ikipinduka chini ya blanketi inaunguza uso na macho. Asali na majani huingiza vijidudu kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Ninachokiogopa kuliko vyote hivyo ni kile kichupa cha duka la dawa chenye deksamethazoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Kinaondoa wekundu kwa siku mbili, mtu anafurahi. Akikitumia kwa wiki kadhaa kinaweza kumpandisha presha ya jicho, na kama ndani pana kidonda cha kuvu au cha virusi, kinakilisha.

"Korona ni ya mapafu, macho hayahusiki"

Baadhi ya wagonjwa wa korona walipata macho mekundu. India, mwaka 2021, maelfu ya waliopona korona walishikwa na kuvu mweusi, wengi wao wenye kisukari na waliokuwa wametumia dawa za steroidi. Kuvu ule ulipanda kutoka puani, na kuna walioondolewa jicho ili wabaki hai. Walionusurika Ebola, Afrika Magharibi na Congo, baadhi yao walipata uvimbe ndani ya jicho wakiwa wamekwisha kutangazwa wamepona. Mpox nayo, ule ugonjwa wa vipele uliotangazwa dharura ya dunia tena Agosti 2024 baada ya kusambaa Congo na Burundi, inaweza kuacha kovu jichoni. Na kitakasa mikono kilichofungwa mlangoni kwa urefu wa kiuno cha mtu mzima kinafika sawasawa usoni mwa mtoto wa miaka minne.

Vizuizi vya kuingia na kutoka Mombasa viliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Mjomba alirudi kliniki Agosti. Jicho la kulia lilikuwa na nafuu. La kushoto lilikuwa limepoteza upande mzima, naye hakuwa na habari, alidhani watu wa siku hizi wanapenda tu kumgonga bega sokoni. Sasa akivuka barabara mjukuu wake hutembea kushoto kwake. Chupa ya matone inakaa juu ya redio, na kila baada ya sala ya Isha anainamisha kichwa nyuma, anavuta kope, anahesabu moja, kisha anafumba jicho dakika mbili kama alivyofundishwa. Mwaka 2024 habari za mpox zilipoanza kutangazwa, alinipigia kabla mtangazaji hajamaliza. Alitaka namba ya kliniki.