Je, wajua kwa nini sheria ya England inamtaka mnunuzi wa mtoto wa mbwa aonyeshwe mbwa mama?

Upande wa England nchini Uingereza, mtu mwenye leseni ya kuzalisha mbwa haruhusiwi kumwonyesha mnunuzi mtoto wa mbwa akiwa peke yake. Lazima mtoto huyo aonekane pamoja na mama aliyemzaa, isipokuwa pale ambapo kuwatenganisha ni kwa ajili ya afya au ustawi wao, na lazima auzwe kutoka mahali alipozaliwa na kulelewa. Kwa msomaji anayekutana na kanuni hii kwa mara ya kwanza, huenda ikaonekana kuwa urasimu tu, kwa kuwa anayenunuliwa ni mtoto na mama hauzwi. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa, kwamba mama hauzwi, sheria ikaamua kwamba yeye ndiye anayepaswa kuonekana.

Mtoto wa mbwa hukaa kwa mzalishaji kwa muda mfupi. Sheria hairuhusu auzwe kabla ya kutimiza wiki 8, na baada ya hapo huondoka na kuanza maisha mapya kwa watu wengine. Mama hubaki. Mzalishaji asiyejali anapotaka kupunguza gharama za chakula, matibabu, nafasi na usafi, mzigo humwangukia yeye mwaka baada ya mwaka, na hakuna mnunuzi atakayelalamika kwa niaba yake maana hakuna mnunuzi anayemjua. Mtoto huweza kuoshwa, kukaushwa manyoya na kupelekwa kwenye maegesho ya magari au nyumba ya dalali, akapendeza kwa muda unaotosha fedha kubadilisha mikono. Hali ya mbwa jike aliyezaa mfululizo kizimbani haifichiki kwa kuoshwa.

Mbwa aliyesababisha jambo hili lisikike hadi bungeni aliitwa Lucy, wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel. Aliokolewa mwaka 2013 kutoka katika banda la kuzalishia mbwa kibiashara huko Wales. Nyonga zake zilikuwa zimekakamaa kwa kufungiwa mahali pa kubana, uti wa mgongo umepinda, na sehemu za mwili wake hazikuwa na manyoya. Alifariki mwishoni mwa mwaka 2016. Daktari wa wanyama Marc Abraham, ambaye kwa miaka alikuwa akipigania marekebisho ya biashara hii, aliongoza kampeni iliyobeba jina la mbwa huyo. Maombi ya wananchi yaliyotiwa saini na zaidi ya watu 100,000 yalijadiliwa bungeni Mei 2018, na kanuni zinazojulikana kama Sheria ya Lucy zikaanza kutumika tarehe 6 Aprili 2020. Wales na Uskoti zilifuata na kanuni zao mwaka 2021.

Sheria ya Lucy iliwaondoa watu wa kati. Duka au dalali ambaye hakumzalisha mnyama haruhusiwi tena kuuza kibiashara mtoto wa mbwa au wa paka mwenye umri usiofika miezi 6. Anayemtaka mdogo zaidi hana budi kwenda kwa mzalishaji mwenyewe au katika kituo kinachotunza wanyama walioachwa. Kanuni hizi zilijengwa juu ya nyingine za mwaka 2018, ambazo zinamlazimu kuchukua leseni ya halmashauri mtu yeyote anayezalisha uzao mara 3 au zaidi katika miezi 12 na kuuza watoto, au anayeendesha uzalishaji kama biashara hata kama idadi hiyo haijafikiwa. Mwenye leseni haruhusiwi kumpandisha mbwa jike kabla hajafikisha miezi 12, wala kumzalisha zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, wala kupita mizao 6 katika uhai wake. Tangazo lake la mauzo lazima lionyeshe namba ya leseni, jina la halmashauri iliyoitoa, umri wa mnyama na picha inayomtambulisha.

Ukiziangalia kanuni hizi kwa pamoja utaona kwamba zinajaribu kumfuata mnyama nyuma hadi alikotoka. Ndivyo pia ilivyo kwa chipu ndogo inayowekwa chini ya ngozi, ambayo imekuwa ya lazima kwa mbwa wote wa England tangu Aprili 2016: mzalishaji ndiye anayeandikishwa kuwa mmiliki wa kwanza, ili mtoto akiugua au akikutwa ametelekezwa ijulikane nani alimleta duniani. Mlolongo wa madalali ulikuwa ukiufuta ufuatiliaji huo. Ulikuwa pia ukiwachosha watoto kwa safari ndefu na kuwachanganya na wengine kutoka mabanda tofauti, hali ambayo virusi vya parvo huipenda sana, kwa kuwa huenea kwa kinyesi na kuwaua watoto wasiokuwa na kinga kamili.

Sheria ya Lucy ilianza kazi katika wakati mbaya kuliko wote. Tarehe 23 Machi 2020, wiki mbili tu kabla, serikali ilikuwa imewaamuru wananchi kubaki majumbani kwa sababu ya korona. Watu waliokwama nyumbani walitaka mbwa kwa wingi, bei zikapaa, na kanuni inayomtaka mnunuzi aende akamwone mama ikakutana na amri ya kutotembeleana. Wauzaji walaghai walipata kisingizio kilichokuwa tayari: wangetuma video, wangeleta mtoto wenyewe, mama wangemwonyesha siku nyingine. Wengine walipanga nyumba safi kwa muda na kumweka ndani mbwa jike asiyewahusu kabisa watoto waliokuwa wakiuzwa. Mnunuzi makini huweza kuugundua udanganyifu huo, kwani mama wa kweli anayenyonyesha huwa na chuchu zilizovimba na watoto humkimbilia, ilhali mbwa wa kukodi hukaa kando au huwafukuza. Lakini si haki kumtwika mnunuzi kazi ya ukaguzi ambayo dola ndiyo yenye mamlaka ya kuifanya.

Basi ni nani mwenye mamlaka hayo? Wengi hudhani ni RSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanzishwa London mwaka 1824, kwa sababu wakaguzi wake huvaa sare na ndio waliofikisha mahakamani kesi nyingi za aina hii. Hicho ni chama cha hisani, na mkaguzi wake hana uwezo wa kisheria wa kuingia katika eneo la mtu bila idhini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 iliwapa polisi na wakaguzi wa halmashauri uwezo wa kumchukua mnyama anayeteseka, kwa kawaida baada ya daktari wa wanyama kuthibitisha hali yake. Leseni nazo ni kazi ya halmashauri, na hapo ndipo mambo hukwama. Ada inayolipwa na wenye leseni hugharimia ukaguzi wa wenye leseni hao hao, wakati anayehitaji kutafutwa zaidi ni yule asiyeomba leseni kabisa. Mbwa waliokamatwa nao hawawezi kuwekwa rafuni kama vielelezo vingine. Wanakula, wanatibiwa na kuhifadhiwa kwa miezi kesi ikiendelea.

Adhabu ya ukatili iliongezwa mwaka 2021 kutoka kifungo cha juu cha miezi 6 hadi miaka 5, nami naona hilo lilichelewa sana. Hata hivyo, kuzalisha bila leseni bado adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi 6 pamoja na faini isiyo na kikomo. Kinachowauma zaidi baadhi ya wahusika ni kodi. Mamlaka ya mapato ya Uingereza iliunda kikosi cha kufuatilia wazalishaji na wauzaji wa mbwa mwaka 2015, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imerejesha zaidi ya pauni milioni 5 kutokana na kesi 257. Mtu anayejua kumficha mbwa mgonjwa huenda asijue kuficha fedha alizouza watoto wake.

Bado kuna teso ambalo mnunuzi hawezi kuliona hata akimtazama mama kwa saa nzima. Lucy angeweza kulelewa kwenye zulia la nyumba nzuri na bado akabeba maradhi ya aina yake, kwani Cavalier wengi huugua valvu ya moyo, na wengine hupata maumivu makali kwa sababu fuvu ni dogo kuliko ubongo uliomo na uti wa mgongo hujaa majimaji. Mahakama ya Juu ya Norway iliamua Oktoba 2023 kwamba kuendelea kuwazalisha Cavalier kwa namna inayofanyika nchini humo kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Kanuni za England nazo zinakataza kumzalisha mbwa ambaye kwa urithi, umbile au afya yake inatarajiwa atamdhuru mtoto au yeye mwenyewe, ila mkaguzi aliyekuja kupima ukubwa wa kizimba hawezi kuuona moyo unaovuja. Vipimo vya moyo na picha za ubongo za kabla ya kupandisha vipo na baadhi ya wazalishaji huvifanya kwa hiari. Kwa aina kama hii, vingestahili kuwa sharti la kupewa leseni.