Je, wajua? Kwa nini Prado hula mafuta hata nje ya Kampala

Prado iliyotoka Japani huja na takwimu yake ya kilomita kwa lita, na wengi huamini ilipimwa kwenye barabara kuu iliyo wazi. Ndiyo maana foleni ya Jinja Road husamehewa, huku safari ya Mbarara ikitarajiwa kurudisha heshima ya gari. Isiporudisha, lawama humwangukia muuza petroli.

Ukweli ni kinyume. Magari mengi ya Japani ya muongo uliopita yalipimwa kwa utaratibu uitwao JC08, ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola. Jaribio huchukua sekunde 1,204 na kilomita 8 na ushee. Wastani wa mwendo ni kilomita 24 kwa saa, kasi ya juu haifiki 82, na karibu theluthi ya muda gari limesimama tu, injini ikinguruma. Hiyo si barabara kuu, ni foleni! Ila ni foleni ya waungwana: hakuna kilima, kiyoyozi kimezimwa, mafuta yanakanyagwa taratibu, na hakuna boda anayekukatiza. Utaratibu wa kabla yake, 10-15, ulikuwa mpole zaidi, kasi yake ikiishia 70.

Sasa njia ya Masaka, ya kuelekea Mbarara, isiyo na foleni, inakula nini? Sehemu kubwa ya jibu ni matuta ya barabarani. Kulifikisha gari zito kwenye kasi ni kama kupandisha jerikeni ya maji hadi juu ya kilima cha Muyenga. Ukikanyaga breki, unayamwaga maji yote na kushuka kuchota mengine. Nishati uliyoinunua kwa petroli inageuka joto kwenye diski za breki na kupotelea hewani.

Tuseme Prado na abiria wake ni tani 2.2. Kushuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20 ili kuvuka tuta, kisha kurudi 80, hugharimu mililita 60 hivi za petroli. Matuta 16, lita moja imekwenda. Na vituo vya biashara njiani havina uchoyo wa matuta. Lakini ukitoka 40 tu hadi 20, hasara ni mililita 13, kwa sababu nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nishati huwa mara nne. Hapo ndipo upole wa maabara unapoipendelea takwimu.

Hesabu hii ni ya makadirio. Inachukulia kwamba robo tu ya nishati ya petroli hufika kwenye magurudumu, na kwamba dereva hukumbuka breki akiwa ameshalifikia tuta. Anayeachia mafuta mapema na kuliacha gari lijiendee hupoteza kiasi kidogo kuliko hicho. Haiburidi, yaani gari la petroli lenye pia mota ya umeme, nayo hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri.

Mikungu ya matoke ya kurudi nayo ina kesi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kilo 100 ndani ya buti haziongezi hata asilimia 5 ya uzito. Ukiifunga juu ya keria, shida huwa upepo, na upepo nao hudai kwa mraba wa kasi.