Kiwango cha uhamaji halisi kati ya wilaya

Wilaya inaweza kupoteza wahamaji kila mwaka na bado idadi ya watu wake ikapanda, kwa sababu watoto wanaozaliwa wanafidia. Ndiyo maana uhamaji hupimwa peke yake. Kiwango cha uhamaji halisi ni waliohamia kutoa waliohama katika mwaka, gawanya kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, zidisha kwa 1,000.

Anayetoka Rungwe kwenda kuishi Jiji la Mbeya mara nyingi haandikwi popote, kwa hiyo hesabu hufanywa kwa njia ya kuzunguka. Chukua wilaya ya mfano: mwaka umeanza na watu 200,000 ukaisha na 203,000. Waliozaliwa 7,800, waliofariki 1,600. Bila uhamaji wangeongezeka 6,200, lakini wameongezeka 3,000 tu, maana yake 3,200 wametoka zaidi ya walioingia. Gawanya kwa 201,500: kiwango ni hasi 15.9 kwa kila watu 1,000. Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa: vifo visivyosajiliwa vitaonekana kama watu waliohama.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kwetu huku ni mipaka. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na Wilaya ya Songwe ikatolewa Chunya. Ukilinganisha Chunya ya sensa ya 2012 na Chunya ya 2022 bila kuondoa kata zilizokwenda Songwe, utaandika kwamba maelfu wamehama, kumbe wamelala kwenye nyumba zilezile. Iringa na Njombe, zilizotengana 2012, ni hivyo hivyo ukilinganisha sensa ya 2002 na za baadaye. Rudi kwenye takwimu za kata, zipange kwa mipaka ya sasa, ndipo utoe idadi ya mwanzo kwenye ya mwisho.

Msimu nao hudanganya. Vibarua wa kupandikiza mpunga Mbarali hufika wakati wa mvua na kurudi kwao baadaye, ilhali sensa ya 2022 ilifanyika Agosti, walipokuwa wamesharudi. Na mtoto aliyezaliwa hospitali ya rufaa mjini ataonekana mzaliwa wa Jiji, mama asipoulizwa makazi yake.

Usitumie kiwango cha mkoa kueleza wilaya. Aliyehama Kyela kwenda Mbarali anahesabiwa katika wilaya zote mbili, hasi huku na chanya kule, lakini kwa Mkoa wa Mbeya hajahama.