Mchujo wazi na mchujo uliofungwa: asiye na chama Marekani apige kura ya nani?

Mchujo ni uchaguzi wa kumpata mgombea, kabla ya uchaguzi wenyewe. Marekani, wapiga kura ndio wanaoamua nani abebe bendera ya Chama cha Democratic au cha Republican mwezi Novemba. Viongozi wa chama hawaketi tena chumbani na kumteua. Wisconsin ilipitisha sheria ya mchujo wa jimbo zima mwaka 1903 ili kuwanyang'anya vigogo wa vyama madaraka hayo. Tangu hapo swali limebaki lilelile: mtu asiye na chama aruhusiwe kuingia?

Kwanza tuelewane kuhusu huyo "asiye na chama". Katika majimbo mengi, mtu anapojiandikisha kupiga kura hutaja chama chake kwenye fomu ya serikali, au huandika kwamba hana. Basi, ndiyo uanachama wenyewe. Hakuna kadi wala ada, na chama hakimhoji wala hakiwezi kumkataa. Anayeandika "sina" ndiye mpiga kura huru. Katika tafiti za maoni ya umma za shirika la Gallup, zaidi ya asilimia 40 ya Wamarekani hujitaja kuwa huru, ingawa wengi wao ukiwabana watakuambia wanaegemea upande mmoja.

Mchujo uliofungwa, kama wa Pennsylvania, Florida na New York, ni wa wanachama waliojiandikisha tu. Mchujo wazi, kama wa Michigan na Wisconsin, humruhusu kila mpiga kura kuchagua siku hiyohiyo atashiriki mchujo wa chama gani. Katikati kuna mchujo wa nusu wazi, ambao asiye na chama anaruhusiwa kuchagua upande mmoja, lakini mwanachama wa chama pinzani hapiti.

Kufungiwa nje kunauma kwa sababu, kwenye maeneo mengi ya uchaguzi chama kimoja hakishindiki, na mchujo wake ndio uchaguzi wenyewe. Juni 2018, katika mchujo wa Democratic wa eneo la Bronx na Queens jijini New York, Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley, mbunge wa karibu miaka 20. Kura zote za mchujo ule hazikufika 30,000, katika eneo lenye watu wapatao laki saba. Novemba alipata zaidi ya asilimia 75. Matokeo yalikwisha kuamuliwa zaidi ya miezi minne nyuma. Mkazi wa pale asiye na chama alipewa karatasi ya kura Novemba tu, mambo yakiwa yamekwisha. Na tarehe ya mwisho ya kubadili chama New York ilikuwa ya kunasa hata wenye nyumba: mchujo wa urais wa Aprili 2016 ulimtaka mtu awe amejiunga na chama tangu Oktoba 2015, na watoto wawili wa Donald Trump, Ivanka na Eric, walishindwa kumpigia kura baba yao.

Wanaotetea kufunga mlango wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Chama ni watu waliokubaliana juu ya jambo. Kama wasiokubaliana nalo wanaweza kumchagua mgombea wake, chama kimebaki na nini? Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya California iliyovilazimisha vyama kumpokea kila mtu, ikisema inavunja haki ya watu kujumuika na wawatakao. Tena kuna hofu ya hujuma, kwamba wapinzani wataingia wamchague mgombea dhaifu. Mwaka 2008 mtangazaji wa redio Rush Limbaugh aliwahimiza wazi Warepublican kumpigia Hillary Clinton kwenye michujo ya Democratic ili mbio zake na Barack Obama zirefuke.

Lakini iangalie hofu hiyo kwa makini. Inamhusu mwanachama wa chama pinzani. Asiye na chama hana timu ya kuihujumia mwingine, na mchujo wa nusu wazi humzuia yule wa kwanza na kumpokea huyu wa pili. Naona mjadala mwingi hupotea hapa, kwa kuwachanganya watu hawa wawili.

Na hoja ya kwamba chama ni klabu ya watu binafsi ina historia chungu. Huko Texas, Democratic walidai hivyohivyo ili kuwafungia Weusi mchujo, wakati ambapo mshindi wa mchujo wa Democratic ndiye alikuwa mshindi wa jimbo. Lonnie Smith, daktari wa meno Mweusi wa Houston, alishtaki, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mchujo unaoendeshwa chini ya sheria za serikali ni sehemu ya uchaguzi wa umma. Sisemi kumzuia asiye na chama ni sawa na kumzuia mtu kwa rangi yake. Mmoja anaweza kubadilisha fomu, mwingine hakuwa na la kubadilisha. Ninachokishika ni kipimo kile cha mahakama: vituo, karatasi na wasimamizi wa mchujo kwa kawaida hulipiwa na kodi, na asiye na chama anailipa kama wengine.

Nisiahidi kupita kiasi. Wengi huunga mkono mchujo wazi wakitumaini utaleta wabunge wa msimamo wa kati, na wanasayansi wa siasa waliolinganisha majimbo wamekuta tofauti ndogo. Sababu yangu ni nyingine: mtu asikose sauti pale mwakilishi wake anapoamuliwa kweli.

California ilikwepa ubishi kwa njia yake. Kwa kura ya maoni ya 2010, wagombea wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja, kila mtu hupiga kura, na wawili wa juu huenda Novemba. Ndiyo maana mwaka 2016 kiti cha Seneti kiligombewa na Wademokrati wawili, Kamala Harris na Loretta Sanchez, na Warepublican wakabaki bila mtu wao. Kwangu hiyo ni bei kubwa, kwa kuwa inawanyima wanachama kazi ambayo waliundia chama.

Ningechagua njia ya Colorado, iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2016. Asiye na chama hutumiwa kwa posta karatasi mbili, ya Democratic na ya Republican. Anajaza moja na kuirudisha. Akirudisha zote mbili zimejazwa, hakuna inayohesabiwa.