Kabla ya Kupanda Mkoko, Tazama Maji

Kila ikikaribia tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, maombi yanayoletwa kwetu hapa Mombasa hufanana. Kikundi cha vijana, shule au kampuni inataka miche elfu kadhaa, ipandwe Jumamosi asubuhi, ikiwezekana mahali penye barabara nzuri na pasipo matope mengi. Nia ni njema. Lakini pasipo matope si pa mikoko, na hiyo Jumamosi asubuhi huenda maji yakawa yamejaa hadi kifuani.

Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: Tudor upande wa kaskazini-magharibi, Kilindini na Port Reitz upande wa pili, na Makupa katikati yake. Kingo za hori hizi ndizo ardhioevu yetu. Kwa mujibu wa mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027, kaunti ya Mombasa ina takriban hekta 3,700 za mikoko, kati ya hekta zipatazo 61,000 nchini kote, nyingi zikiwa Lamu. Na si msitu usio na mwenyewe. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo nyumba inayojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa Mikindani au Jomvu imekalia msitu uliohifadhiwa tangu enzi za mababu zetu, hata kama mwenye kuuza kiwanja alikuwa na karatasi mkononi.

Mwenye kuujua msitu huu huanza na maji, sio miti. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hushuka hadi karibu mita 1. Kila mti umejichagulia kiwango chake kati ya mipaka hiyo. Mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari, unakofunikwa karibu kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, aina inayoitwa hasa kwa jina hilo, na mizizi yake iliyopinda kama miguu ya pweza, kisha muia na mkandaa. Mchu ni mkaidi kidogo: utaukuta nyuma, karibu na nchi kavu, panapofikiwa na bamvua tu, na pengine tena huko mbele baharini. Kenya ina aina 9 za mikoko kwa jumla, na hizi tano ndizo mtu wa Mombasa atakazokutana nazo zaidi.

Simama chini ya mchu maji yakiwa yamepwa. Kuuzunguka mti kuna vijiti vilivyochomoza kwenye tope, vya urefu wa penseli, na mti mmoja mkubwa huweza kuwa navyo maelfu. Hiyo ni mizizi ya kupumulia. Chimba tope kidogo kwa kidole: juu ni la kijivu, sentimita chache chini ni jeusi na linanuka yai viza, maana hewa haifiki. Mti unavuta hewa kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye vijiti hivyo kabla maji hayajarudi. Gusa na majani yake saa za jua kali, utaona chembe za chumvi zilizotolewa nje na jani lenyewe. Na pale ulipokanyaga pana mashimo ya kaa, wale wadogo wenye gando moja kubwa, na mashimo hayo nayo hupitisha maji na hewa ndani ya tope. Wengi huwaona kaa hawa kama mapambo tu. Kwangu mimi, tope lisilo na kaa ni dalili ya kwanza kwamba pana jambo.

Ukishaona jinsi mti unavyopumua, vifo vya mikoko ya Mombasa havina fumbo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara hadi hori ya Mwache, upande wa Port Reitz, ukafunika mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa, yakaziba vitundu vile vile, na mabaki yakakaa ndani ya tope kwa miaka. Barabara ya Makupa nayo ilijengwa mwaka 1929 kwa kujaza mawe na udongo, bila nafasi ya maji kupita, hivyo upande mmoja na wa pili vikaacha kubadilishana maji kwa zaidi ya miaka 90. Kando yake likakua jaa la Kibarani.

Tudor ndiyo iliyoumia zaidi. Utafiti uliolinganisha hali ya 1992 na ya 2009 ulikuta hori hiyo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na Mwache karibu nusu. Hapo panga lilichangia: fito, pau na boriti za kujengea, kuni za kuokea mikate, kuni za kupikia pombe haramu katikati ya msitu. Maji taka ya mitaa ya juu yakaongezea yake. Wavuvi hawakuhitaji kusubiri utafiti, kwani tafi, mkizi na kamba hukua wakiwa wadogo ndani ya mizizi ile ile.

Turudi kwa miche. Watu hupanda mkoko wenyewe kwa sababu ni rahisi: mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, huanguka ikiwa kijiti kirefu kinachoweza kufika nusu mita, nawe unakichomeka tu kwenye tope. Kwa hiyo tunapanda mkoko kila mahali, hata kwenye tope tupu la mbele ambako palikuwa pa mlilana, au ambako hapakuwahi kuwa na mti. Huko mche hufunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, viumbe vyenye gamba gumu vinaganda kwenye shina hadi linalemewa, na mwaka haupiti kabla haujafa. Picha za siku ya kupanda zinabaki nzuri. Tope lile tupu, kwa upande mwingine, lilikuwa na kazi yake: ndiko sululu na ndege wenzao wanaokuja toka kaskazini ya mbali huchokoa minyoo na kaa msimu wa kaskazi.

Panapotakiwa mikoko irudi, mara nyingi kinachohitajika ni maji yarudi. Palipo na miti mama karibu, mbegu huletwa na maji yenyewe, za aina mchanganyiko, na hutua katika kiwango chake. Ndiyo maana daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022 na kuruhusu maji kupita tena pale palipozibwa, kwangu lina uzito kuliko siku nyingi za kupanda. Hata Gazi, kule Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, tangu 2013, sehemu kubwa ya hekta 117 zake ni msitu wa asili uliozuiwa kukatwa. Iliyopandwa ni kidogo.

Basi kikundi kinachotaka kusaidia kianze na ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), maana hakuna ruhusa ya kukata wala kupanda ndani ya msitu huu bila wao, na kiulize kama eneo lina chama cha jamii cha misitu. Pili, nendeni mkapatazame mahali hapo mara mbili, bamvua na maji mafu, pamoja na mvuvi wa hapo hapo. Mkikuta miche midogo imejiotea yenyewe, msipande. Toeni plastiki iliyoilalia, zuieni mbuzi, fungueni mfereji uliozibwa na kifusi. Msipokuta hata mmoja, ulizeni kilichouzuia kwanza. Mkiambiwa ni maji taka ya mtaa fulani, barua iende kwa kaunti na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kununua mche hata mmoja.